Kanopi ya RV-7 ikikaza njiani, kagua fremu kabla ya kukata kioo

RV-7 ni ndege ndogo inayouzwa kama vifaa vya kujijengea, na kanopi ni kifuniko cha kioo kilicho juu ya rubani. Kwa RV-7 yenye kanopi ya kuteleza, kioo hicho cha akriliki (plastiki angavu) huja kikiwa kipande kimoja. Kingo zake hukatwa kwanza, kisha kinagawanywa vipande viwili pale penye upinde wa kinga (bomba linalolinda vichwa ndege ikipinduka) ulio mbele ya rubani: sehemu ya mbele inabaki kioo kisichosogea, ya nyuma inakuwa kanopi. Ukikata vibaya huna namna ya kurudisha. Kwa hiyo mteja akituletea kanopi iliyokaza, jambo la kwanza tunalofanya ni kuvua kioo na kuipima fremu. Mara nyingi ubovu uko hapo.

Fremu ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na joto la kuchomelea huvuta chuma. Usitarajie itoke kwenye sanduku ikiwa sawa kabisa na mwili wa ndege yako, ambao nao una tofauti zake ndogo. Kanopi nzima inategemea sehemu tatu: roli mbili za mbele zinazopita kwenye reli za pembeni, na kitelezi kimoja cha nyuma kinachopita kwenye reli ya katikati juu ya mgongo wa ndege. Reli za pembeni zisipokwenda sambamba, au reli ya nyuma ikikaa kando ya mstari wa katikati, roli zitabana. Grisi haitibu hilo.

Tunafunga hivi. Reli ya katikati inapangwa kwa uzi uliovutwa kutoka katikati ya upinde wa kinga hadi mkiani. Kisha reli moja ya pembeni inatobolewa na kufungwa moja kwa moja, ile ya pili inashikwa kwa klampu tu. Fremu tupu inasukumwa mbele na nyuma mara kadhaa, na reli ya pili inaachwa ijitafutie mahali pake kabla ya kutobolewa. Fremu tupu inatakiwa kwenda mwisho hadi mwisho kwa kusukumwa na kidole kimoja. Pima pia nafasi kati ya bomba la chini la fremu na ukingo wa mwili wa ndege: mbele, katikati na nyuma, kushoto na kulia. Vipimo sita hivyo viandike. Upande mmoja ukiwa juu zaidi, rekebisha kimo cha roli kwa washa (pete bapa za chuma). Usijaribu kuficha tofauti hiyo baadaye kwa kuvuta bati la sketi, lile linalofunika ukingo wa chini wa kanopi.

Kupinda fremu kunahitaji uvumilivu. Upinde wa mbele wa fremu lazima ufuate umbo la upinde wa kinga, kwa sababu kioo cha mbele na kanopi vinatakiwa kuonekana kama mstari mmoja. Tunapinda kwa mkono juu ya magogo ya mbao, kidogo kidogo, mbali na viungo vilivyochomelewa, na tunarudisha fremu kwenye ndege baada ya kila mpindo. Hatutumii moto. Ukipanua sehemu moja, nyingine hujibana, kwa hiyo vile vipimo sita vinarudiwa kila mara. Kazi hii inaweza kula siku nzima na hakuna kitakachoonekana kuwa kimebadilika, lakini ndiyo inayookoa kioo.

Sasa kioo. Akriliki ikiwa ya baridi hupasuka kirahisi. Hatukati wala hatutoboi chini ya nyuzi joto 25. Kwa aliye Nairobi au Arusha mwezi wa Julai, maana yake ni kuacha asubuhi ipite, au kupasha karakana joto na kukipa kioo chenyewe saa kadhaa kishike joto hilo. Tumia kisahani cha kusaga kwenye grainda ndogo, si msumeno wenye meno. Meno hung'ata na kuacha vijichubuo, na kila kijichubuo ni mahali ufa unapoweza kuanzia. Kata ukiacha milimita 2 au 3 nje ya mstari, halafu malizia kwa msasa. Vipande vyote viwili vishikiliwe na watu, na mkato unapoendelea ubandikwe tepu nyuma yako, ili kipande kisijipinde kwa uzito wake. Ukingo usafishwe kwa msasa namba 80, kisha 150, 220, hadi 400, ukivuta msasa kwa urefu wa ukingo badala ya kuukatisha. Fanya hivyo hata kwenye mkato utakaokatwa tena kesho, kwa kuwa kioo kinaweza kupasuka usiku kikiwa kimelala tu mezani.

Kutoboa ndiko kunakoharibu vioo vingi. Biti ya kawaida ya chuma hujivuta ndani na kupasua upande wa pili. Tafuta biti iliyonolewa kwa ajili ya akriliki, weka mbao nyuma, na punguza mkono inapokaribia kutokeza. Kupanua tundu tumia biti ya ngazi.

Ukubwa wa tundu una hesabu yake. Akriliki hutanuka takriban mara sita ya chuma. Kwenye urefu wa mita 1.2, joto likipanda kutoka nyuzi 10 hadi 50 juani, kioo kinaongezeka kama milimita 3.4 na bomba la chuma kama milimita 0.6. Tofauti ya karibu milimita 3 lazima ipate pa kwenda. Ribiti ya milimita 3.2 ikikaa kwenye tundu la milimita 3.2, kioo kinasukuma ribiti mpaka kinapasuka. Tundu la kwenye kioo lisipungue milimita 4, na kadiri unavyokaribia ncha tunalipanua zaidi. Ribiti nayo isikandamize kioo kupita kiasi.

Kwa sababu hiyo wajenzi wengi siku hizi hubandika kioo kwa Sikaflex-295 UV badala ya kukitoboa. Gundi hiyo hunyumbuka kama mpira na kuruhusu kioo kisogee. Inahitaji unene, kwa hiyo tunaweka vipande vidogo vya raba vya milimita 3 kati ya bomba na kioo visije vikagusana. Mahali pa kubandika pakwaruzwe, pasafishwe na kupakwa praima (dawa ya kushikisha gundi) kama karatasi ya mtengenezaji inavyoagiza. Kioo kisichokaa chenyewe kwenye fremu kisilazimishwe kwa gundi pia. Kitabaki na mvutano ndani yake.

Lalamiko lingine la kawaida ni upepo baridi mgongoni ndege ikiwa angani. Hewa inayopita juu ya kanopi huinyonya kwenda juu, na ukingo wa nyuma ukifunguka hata kidogo, hewa huingia. Funga kanopi, keti ndani, sukuma juu ile sehemu ya nyuma kwa viganja. Ikiinuka, pini mbili za nyuma hazizami vya kutosha kwenye vizuizi vyake, au matundu ya vizuizi yamepanuka. Rekebisha pini kwanza, ndipo ubandike raba ya kuziba.

Usisafishe akriliki kwa asetoni, petroli wala dawa ya vioo yenye amonia. Huleta nyufa nyembamba kama nywele. Maji mengi, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha.

Ukitaka tukukagulie kanopi, tutumie vile vipimo sita, kipenyo cha matundu yaliyo kwenye kioo, na picha ya kila roli kanopi ikiwa pale inapokaza. Kama kuna ufa, usiisogeze kanopi hadi tutakapotoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa huo.