Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya uokoaji: tunaomba pampu kabla ya mvua inayofuata

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mirerani, wilayani Simanjiro, na ni mjane wa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa tanzanite. Nimekwisha kuandika barua tatu kupitia ngazi zinazostahili, na kila moja ninayo nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa. Hii ya nne naiandika hadharani, kwa sababu usiku wa kuamkia Jumatano ya wiki iliyopita maji yaliingia katika shimo walimokuwa vijana sita, na mmoja wao ni mwanangu wa mwisho. Wanne wametoka hai. Wawili tumewazika Ijumaa, na mmoja wa hao wawili ni mimi niliyemfundisha kuandika jina lake.

Mvua ilianza saa mbili usiku, ikanyesha kwa nguvu kwa muda usiozidi saa tano. Saa tatu na dakika kumi nilipigiwa simu, nami nikapiga namba ya dharura papo hapo, nikapokelewa vizuri, nikaambiwa msaada unakuja. Gari la uokoaji lilifika saa nne asubuhi. Sitaki kuwalaumu vijana waliokuja nalo, kwa kuwa walivua viatu vyao wakashika kamba pamoja nasi, na mmoja wao nilimwona akijificha nyuma ya gari ili afute machozi. Walikuja na ngazi, kamba, machela na kofia. Hawakuja na pampu inayoweza kutoa maji katika shimo lile, na walituambia wazi kwamba hawanayo.

Naomba nieleze jambo hili la pampu kwa kirefu, maana nimegundua kwamba wengi wanaotuahidi hawalijui, na mimi mwenyewe sikulijua hadi usiku ule. Jirani yetu anayelima nyanya alileta pampu yake ya petroli, ile anayomwagilia shamba, tukadhani tumepona. Fundi mmoja mtu mzima akatutuliza, akatuambia kwamba pampu inayokaa juu hufyonza, na kufyonza kuna mwisho wake: hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuvuta maji yaliyo chini yake kwa zaidi ya mita saba au nane. Maji yetu yalikuwa mita sitini chini. Kijana mmoja akasema basi tuishushe pampu yenyewe kwa winchi, naye fundi akamkataza kwa ukali, kwa kuwa moshi wa injini ndani ya shimo huua haraka kuliko maji. Kinachohitajika pale, Mheshimiwa, ni pampu ya kuzama, ambayo hushushwa ndani ya maji yenyewe, ikaendeshwa kwa umeme wa jenereta iliyobaki juu, ikayasukuma maji kutoka chini. Chombo hiki kinajulikana na kinauzwa, na kila anayechimba kisima kirefu cha maji anacho au anajua pa kukipata. Katika eneo lote la uokoaji wa wachimbaji wadogo, usiku ule, hakikuwapo hata kimoja.

Kwa hiyo tulichota kwa madumu. Madumu sita ya lita ishirini yalishushwa kwa winchi, yakajazwa na vijana wawili waliokuwa wamesimama ndani ya maji hadi kifuani, yakapandishwa, yakamwagwa mbali na mdomo wa shimo, kisha yakarudi. Kila mzunguko ulichukua dakika tano. Nilikuwa na daftari la mahudhurio la darasa langu mkobani, nikalifungua ukurasa wa nyuma na kuanza kuchora vijiti, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Tangu saa tano usiku hadi saa nne asubuhi nilichora vijiti 132. Hiyo ni madumu 792, yaani chini kidogo ya lita 16,000. Fundi aliniambia kwamba pampu ya kuzama ya wastani ingeyatoa maji hayo kwa muda usiozidi saa mbili. Sisi yalitugharimu saa kumi na moja, na ndani ya hizo saa kumi na moja ndimo walimofia watoto wa watu wawili.

Wale wanne waliokolewa na hewa. Shimo lao lilikuwa limetobozana, yaani limekutana chini kwa chini, na shimo la jirani lililoachwa, na njia ya mtobozano ule inapanda kidogo kabla ya kushuka tena, hivyo wakapanda hapo wakakaa juu ya maji. Mpira wa hewa wa kompresa ulikuwa umepita karibu yao. Wakuu wa shimo wakaagiza kompresa isizimwe hata kwa dakika moja, na mama lishe wa pale nje wakachanga pesa za mauzo ya siku nzima ili dizeli isikatike. Karibu saa saba usiku tukasikia bomba likigongwa kutoka chini: mara tatu, kimya, mara tatu. Tukajibu kwa nyundo. Tangu hapo kila nusu saa tuligonga, nao wakagonga, hadi saa sita mchana maji yaliposhuka kiasi cha kuacha uwazi wa kupitisha kichwa. Wale wawili wengine walikuwa chini zaidi. Tuliwapata Alhamisi jioni.

Mwanangu yuko nyumbani. Anakula, anaongea, anasema yuko sawa. Usiku hugonga ukingo wa kitanda mara tatu akiwa usingizini, kisha husubiri, na nisipogonga ukuta kumjibu huamka akihema. Nimehamishia godoro langu chumba cha pili ili niwe karibu na ukuta huo.

Nakumbusha sasa ahadi, na naomba nisomwe kwa subira. Miaka miwili iliyopita ulikuja, Mheshimiwa, katika uwanja wa shule yetu, baada ya shimo jingine kuingiwa na maji. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa mkutano ule na muhtasari ninao. Uliahidi kituo cha uokoaji chenye vifaa vya kutolea maji na watu waliofunzwa, kabla ya masika yatakayofuata. Wananchi walisimama wakapiga makofi, na nimeandika hivyo katika muhtasari. Miezi minne baadaye likaletwa kontena, likapakwa rangi nyekundu, likaandikwa kwa herufi nyeupe. Usiku wa tukio, vijana walivunja kufuli lake kwa sababu mwenye ufunguo hakupatikana. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, turubai moja na mabango ya sherehe ya uzinduzi. Tulilitumia turubai kuwafunika marehemu.

Mheshimiwa, maji katika mashimo ya Mirerani si habari mpya. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza mashimo kwa usiku mmoja na zaidi ya wachimbaji 60 walikufa. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Nilikaa mdomoni mwa shimo kwa siku ishirini na tatu nikisubiri maji yapungue ndipo nipewe mwili wa kuzika, na mtoto huyu niliyemsubiri wiki iliyopita nilikuwa nimembeba mgongoni. Kwa hiyo nimekaa mdomoni mwa shimo mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa neno lile lile, kwamba pampu inatafutwa. Kati ya mara ya kwanza na ya pili mtoto amekua, ameota ndevu, ameingia shimoni. Pampu bado inatafutwa.

Wapo watakaouliza kwa nini vijana washuke wakati wa masika. Hawa hawana mshahara. Wanapewa chakula na matumaini ya mgao jiwe likipatikana, na asiyeshuka leo hana mgao wa kesho. Juni 2020, mchimbaji wetu Saniniu Laizer alipopata mawe mawili makubwa, moja la zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5, viongozi walifika Mirerani na nchi nzima ikatujua. Tulifurahi, na tunafurahi hadi leo. Nasema tu kwamba barabara iliyowaleta ni hiyo hiyo, na umbali ni ule ule.

Mwaka 2018, watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao walipokwama katika pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand, nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kila asubuhi nilichokisikia redioni. Waliingia pangoni tarehe 23 Juni, mvua ikafunga njia nyuma yao, wakaonekana tarehe 2 Julai na wapiga mbizi wawili wa Uingereza, yapata kilomita nne kutoka mlangoni, na wa mwisho akatolewa tarehe 10 Julai. Wote 13 walitoka hai. Dunia inawakumbuka wapiga mbizi, na wanastahili, hasa marehemu Saman Kunan, mwanajeshi mstaafu wa majini aliyefariki tarehe 6 Julai akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Lakini mimi, kwa yaliyonipata, nilizisikiliza zaidi habari za pampu. Pampu zilifanya kazi usiku na mchana. Maji yalielekezwa kwenye mashamba ya mpunga ya wanakijiji, nao wakakubali mpunga wao uharibike. Watu walipanda mlimani kuziba na kugeuza vijito ili visiingie pangoni. Kwa kazi hiyo sehemu ya mwanzo ya pango ikapitika kwa miguu, ndipo wapiga mbizi wakaweza kufanya kazi yao ndani zaidi. Na aliyesimamia pale, gavana Narongsak Osatanakorn, alikuwa akijitokeza na kueleza hali ilivyo.

Najua nitajibiwa kwamba Thailand ilisaidiwa na dunia nzima, na kwamba hatuwezi kujilinganisha. Nakubali nusu yake. Lakini hata tungeletewa wapiga mbizi wale wale, kwetu wasingekuwa na pa kupita. Lile ni pango lililolala, letu ni shimo lililosimama. Katika pango maji hupanda na kushuka, na mtu akipata mwinuko anaweza kukaa siku kumi akisubiri. Katika shimo letu maji hufuata chini, na chini ndiko watu wanakofanyia kazi. Hakuna siku kumi, kuna saa chache. Nchi yetu inajua kuokoa pale ardhi inapoporomoka: Januari 2017 huko Nyarugusu, Geita, wachimbaji 15 walifukuliwa wakiwa hai wote, na mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, watano walitolewa baada ya siku 41. Kwa udongo tuna mikono na majembe. Maji hayashikiki kwa mikono, na ndiyo maana ninaomba pampu.

Kuhusu chanzo, sina utaalamu, nasema ninachokiona. Nadhani vifusi vinavyomwagwa kila siku vimeziba korongo la juu lililokuwa likipitisha maji ya mvua, maana usiku ule maji yalikuja kutoka upande ambao zamani hayakuwa yakitokea. Tena inawezekana yalianzia katika lile shimo lililoachwa, yakapita kwenye mtobozano, kwa kuwa mwanangu anasema aliyasikia ubavuni kabla ya kuyaona juu. Wengine wanasema mengine. Wachunguzi waje, wachunguze, waandike, lakini pampu isisubiri ripoti yao. Ripoti ya tukio lililopita bado hatujaisoma.

Ombi langu katika barua ya kwanza lilikuwa na mambo tisa, nikiwa bado na nguvu za kuorodhesha. Ya pili ilikuwa na manne. Sasa nina moja. Naomba pampu mbili za kuzama, zenye jenereta, nyaya na mipira mirefu ya kutosha kina cha mashimo yetu, zikae ndani ya ukuta unaozunguka machimbo ya Mirerani, si Arusha wala Babati, na wawepo watu wawili wanaojua kuziendesha, wanaolala karibu nazo na wenye ufunguo. Kama mbili ni nyingi, basi moja. Kama jenereta ni gharama, wachimbaji wamekubali kuichangia, na orodha ya waliokwisha kuchanga iko kwangu. Kama mpiga rangi wa lile kontena alilipwa, basi kumbe fungu la kununulia lilikuwapo, na naomba kwa heshima zote tuambiwe lilibakia kiasi gani.

Sihitaji uje kunipa pole. Wazazi wa wale wawili wanaihitaji, na wanaishi mtaa wa pili kutoka shuleni, atakayefika ataelekezwa. Mimi naomba pampu.

Naandika haya saa kumi na mbili jioni. Wingu limefunga upande wa Mlima Meru tangu mchana, na zamu ya usiku imekwisha kushuka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mjane na mzazi
Mirerani, Simanjiro