Filamu ikiisha, tusikimbilie mlango

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika kupinga filamu za makala kuhusu kujiua, kwa hoja kwamba "zitawafundisha vijana", amejibiwa kwa kejeli tu. Naomba nimjibu kwa adabu, kwa sababu nusu ya anayosema ni kweli, na ile nusu nyingine familia yetu imeilipia.

Nianze na iliyo kweli. Mwandishi Mjerumani Goethe alipotoa riwaya yake kuhusu Werther, kijana anayejiua, mwaka 1774, watu walihofu kwamba vijana wangemwiga, na baadhi ya miji ikaipiga marufuku. Miaka 200 baadaye, mwaka 1974, mwanasosholojia David Phillips wa Marekani alionyesha kwa takwimu kwamba watu waliojiua waliongezeka baada ya habari za aina hiyo kupewa ukurasa wa mbele. Ukurasa wa mbele wa gazeti, Mhariri, si filamu. Nalitaja hilo bila ugomvi.

Kwa hiyo ndiyo, simulizi inaweza kuua. Inaua inapoonyesha njia na mahali, inaposoma barua ya mwisho huku muziki ukilia, inapompamba marehemu kana kwamba ameshinda kitu, au inapompa mtazamaji sababu moja nyepesi: aliachwa, alifeli, basi. Mtayarishaji asiyejua haya asiguse kamera. Mwongozo upo, Shirika la Afya Duniani lilitoa wa watengenezaji filamu na watu wa jukwaani mwaka 2019.

Lakini msomaji wetu ameishia hapo. Mwaka 2010 watafiti wa Austria waliangalia upande wa pili: habari za watu waliofikiria kujiua, wakakabiliana na shida zao kwa njia nyingine, wakabaki hai. Habari za namna hiyo ziliambatana na kupungua kwa vifo, si kuongezeka. Wakayaita matokeo hayo kwa jina la Papageno, yule mhusika wa opera ya Mozart ambaye anakaribia kujiua, kisha watoto watatu wanamkumbusha kwamba bado ana jambo la kujaribu. Nakipenda kisa hicho kwa sababu watoto wale hawamhubirii. Wanamkumbusha tu kengele zake za ajabu, azipige.

Sasa ile nusu tuliyoilipia. Kaka yangu alijiua, nasi tukaelekezwa kusema "aliugua ghafla". Tulisema hivyo miaka 11. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua kwamba mwenzake anajua. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka 12. Asubuhi ile aligombana na kaka kuhusu chaja ya simu, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza lolote, alijitafutia maelezo mwenyewe: ni mimi. Alikua nayo, akasoma nayo, akaolewa nayo. Anayedhani kimya kinawalinda vijana aje aongee na mdogo wangu.

Aliyefungua mdomo wake ni filamu. Ilikuwa ya chini ya saa moja, bila mbwembwe: baba mmoja anatengeneza baiskeli na kumzungumzia mwanawe bila kuinua kichwa, halafu mwanamke aliyenusurika anaeleza jinsi alivyoishi mwaka uliofuata. Sikuona picha ya mahali pa tukio. Taa zilipowashwa nusu ya ukumbi ilikimbilia mlangoni, na siwalaumu. Tuliobaki tulikaa kimya hadi mzee mmoja akauliza kama angemwuliza mtoto wake waziwazi, "Unafikiria kujiua?", si angempandikizia wazo. Muuguzi wa afya ya akili aliyekuwapo akamjibu kwamba hapana, swali hilo halimpandikizii mtu wazo; mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Kisha mdogo wangu akanong'ona, akitazama pazia tupu: "Mimi niligombana naye kuhusu chaja."

Nimefikiria sana kwa nini ilikuwa filamu na si hotuba, kwani hotuba tumezisikia nyingi. Nadhani ni kwamba watu wawili wanaotazama mbele huambiana mambo ambayo wangeshindwa kuambiana wakitazamana. Na filamu nzuri hujua pia kunyamaza. Mwaka 2015 tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya makala ilikwenda kwa filamu kuhusu wahudumu wanaopokea simu za wanajeshi wastaafu wa Marekani walio katika hatari. Sauti za wapiga simu hazisikiki. Tunawaona wanaosikiliza tu. Mtayarishaji wake, Dana Perry, alipopokea tuzo alimtaja mwanawe aliyejiua, akasema jambo hili tulizungumze kwa sauti.

Kwa sauti, lakini kwa uangalifu. Katika nchi kadhaa kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Ghana ililifuta kosa hilo mwaka 2023 tu. Mtu anayeweza kushtakiwa kwa kunusurika hawezi kuonyesha uso kwenye pazia, na mtayarishaji anayemshawishi auonyeshe anatafuta sifa. Hata pale sheria inaporuhusu, aliyerekodiwa aoneshwe kazi kabla ya watu wengine, na akisema "nitoeni", atolewe.

Na lugha yetu ina mtego wake. Tuna vitenzi ambavyo vyenyewe vinataja njia, na wanahabari wamevizoea kiasi kwamba huvitumia hata pasipohitajika. "Amejiua" linatosha. Watu wapatao 727,000 walikufa hivi duniani mwaka 2021, na miongoni mwa wenye miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye msomaji alihitaji kujua alitumia nini.

Kwa yule msomaji mwenzangu: filamu isiyo na mtu wa kubaki na watazamaji baada ya kuisha, nami naipinga. Mtu anaweza kuwa ameketi pale akiwa na mpango wake tayari, na filamu ikamfikia kuliko mwingine yeyote ukumbini. Pawe na mhudumu wa afya ya akili, pawe na pembe ya kuongea faragha, na namba ya simu ya msaada ibaki kwenye pazia muda wa kutosha kuandikwa, si sekunde mbili kama jina la fundi wa taa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo la onyesho lile mliliweka kwenye ukurasa wa burudani, likitaja saa filamu inapoanza. Likija jingine, mtaje pia saa ambayo mazungumzo yanaanza.

Msomaji wenu,
dada wa marehemu