Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA): Figo bandia yenye seli hai itukute tumejiandaa

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mama yangu ni mgonjwa wa figo; husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Nyumbani maji yake ya kunywa tunampimia kwa kikombe, na kwa joto hili la Dar es Salaam kiu humtesa kuliko sindano. Mashine inachuja sumu na kupunguza maji, basi. Figo hufanya zaidi: hurudisha kwenye damu chumvi na maji vinavyohitajika, na kazi hiyo ni ya seli hai.

Ndiyo maana nafuatilia kazi ya Shuvo Roy wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na William Fissell wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Wanatengeneza figo bandia ya kupandikizwa mwilini. Ina chujio la silikoni linaloendeshwa na presha ya damu yenyewe, bila pampu, na pembeni yake chumba cha seli za figo za binadamu. Utando wa chumba hicho unapitisha chakula cha seli lakini unazikinga zisishambuliwe na mwili, hivyo lengo ni mgonjwa asihitaji dawa za kushusha kinga kama anazomeza aliyepewa figo na nduguye. Mwaka 2023 walichapisha matokeo ya kujaribu chumba hicho cha seli ndani ya nguruwe: baada ya siku 7, zaidi ya asilimia 90 ya seli zilikuwa hai. Siku 7 ni chache, na kwa binadamu bado. Simwahidi mama chochote.

Ila nakuuliza wewe: kitu hiki kikifika bandarini, kitasajiliwa kama dawa au kama kifaa tiba? Mamlaka yako inasimamia vyote viwili, kwa hiyo jibu liko mikononi mwako. Naomba mwongozo uandikwe sasa. Useme seli zitoke kwa nani na zipimwe magonjwa gani, zisafirishweje zikiwa hai hadi chumba cha upasuaji, na zikifa ndani ya mgonjwa nani awajibike. Waiteni madaktari wa Hospitali ya Muhimbili, walioanza kupandikiza figo mwaka 2017, na wenzao wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Waiteni na wagonjwa.

Pasipo mwongozo, wa kwanza kutufikia watakuwa matapeli wa "tiba ya seli", na mtu aliyechoka kulala kwenye mashine atauza hata kiwanja awape.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa wa figo, Dar es Salaam