Oili ya mashine ya boti: usiizidishe

Ndugu Hamisi,

Salaam sana, na wote hapo Kilindoni nisalimie. Umeuliza kama uongeze oili kidogo kwenye petroli ya ile mashine ya boti ya nguvu farasi 15 "ili isife". Usiongeze.

Pikipiki nyingi za leo ni za mipigo minne: zina oili yake chini, mbali na petroli, na kila silinda hupata moto mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Mashine yako ni ya mipigo miwili: kila mzunguko, moto. Pistoni ikipanda, juu inabana mchanganyiko wa petroli, oili na hewa, chini inavuta mwingine kutoka kwenye kabureta uingie chumba cha krenki. Plagi ikiwasha, pistoni inashuka, inafunua kwanza tundu la moshi, halafu matundu ya pembeni yanayotoka chumba cha krenki. Mchanganyiko uliobanwa chini unapanda na kuusukuma moshi nje. Kiasi fulani hutoroka na huo moshi, ndiyo maana inakunywa petroli hivyo! Beringi, ringi na silinda hazina ulainisho mwingine ila oili uliyoichanganya wewe.

Kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20 (kithibitishe kwenye kitabu cha mashine). Ikiwa mpya au imetoka kufanyiwa ovahoo, 25 kwa 1 kwa saa 10 za kwanza. Tia petroli nusu, kisha oili, tikisa, ndipo ujaze. Mkebe uwe umeandikwa TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti za mipigo miwili. Oili ya lori namba 40 huacha majivu na kugandisha ringi.

Ukizidisha, oili inakalia nafasi ya petroli kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Petroli inapungua, hewa inabaki ileile, moto unakuwa mkali. Juu ya hapo plagi inalowa na masizi yanaziba tundu la moshi. Kwa hiyo unaweza kuiunguza pistoni kwa kuionea huruma.

Fungua plagi uzisome. Rangi ya biskuti ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu: oili nyingi, au choki imesahaulika. Nyeupe yenye vipunje vya kung'aa: simamisha kazi, hivyo vipunje ni pistoni inayeyuka. Hapo tafuta jeti iliyoziba, mpira wa petroli unaovuta hewa, au sili ya krenki (ule mpira unaoziba hewa kwenye ncha za krenki) iliyochoka. Sili ikivuja, hewa inaingia bila kupita kabureta. Dalili yake, sileni (mzunguko wa mashine usipoivuta mafuta) inapanda yenyewe au inachelewa kushuka ukipunguza mafuta. Mafundi wengi hukimbilia kabureta na kuisahau sili.

Maji ya kuipoza je? Yale yanayoruka nyuma yakidhoofika, zima. Aidha mchanga au mfuko wa plastiki umeziba mdomo wa kuvutia maji, au impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, imeisha. Na usiijaribu nchi kavu hata kidogo, impela inalainishwa na maji hayohayo.

Boti ikikaa wiki kadhaa, chomoa mpira wa petroli, mashine ikiwa inapozwa na maji baridi yasiyo na chumvi, iache izime yenyewe. Vinginevyo petroli itapaa kwenye kabureta, ibaki oili nzito.

Nitumie picha ya plagi zote mbili, uandike ipi ya silinda ya juu na ipi ya chini. Zikitofautiana rangi, usiguse kipimo cha oili kwanza, maana silinda zote mbili zinakunywa petroli ya dumu lilelile.

Wako,
Salim