Taasisi zetu zitueleze ni lini zilijaribu kurejesha bakapu zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wasomaji wengi wanaweza kuliona ni la mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali likiharibika humgusa mgonjwa aliyefika kliniki na kadi yake mkononi, mwalimu anayefuatilia akiba yake katika SACCOS na mwanafunzi anayesubiri matokeo. Jambo lenyewe ni ufuatiliaji wa nakala rudufu, au bakapu kama tunavyoziita kazini, za mashine pepe ambazo leo zinaendesha mifumo ya taasisi nyingi nchini.

Kwa asiyezifahamu, mashine pepe ni kompyuta kamili yenye mfumo endeshi wake, diski yake na anwani yake ya mtandao, ila haina umbo la kushikika; inaishi kama mafaili ndani ya seva moja kubwa, pamoja na wenzake kumi au ishirini. Utaratibu huu umetupunguzia gharama za vifaa na umeme, lakini pia umeweka mayai mengi katika kapu moja, kwa kuwa seva hiyo ikiungua, mashine zote zilizomo huondoka kwa pamoja. Ndiyo maana kila usiku programu ya bakapu hupita mashine moja baada ya nyingine, hushika hali ya diski ilivyo wakati huo, hunakili vipande vilivyobadilika tangu usiku uliotangulia, kisha hupeleka nakala hiyo kwenye hifadhi nyingine. Asubuhi msimamizi hupokea baruapepe yenye alama ya kijani. Wengi wetu huishia kwenye alama hiyo, na hoja yangu inaanzia hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika chumba cha seva cha hospitali moja ambayo sitaitaja. Mwezi Februari tuliunda mashine mpya ya hifadhidata ya malipo, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imejaa, tukahamisha data na kuizima ya zamani. Hakuna aliyekumbuka kuiongeza mashine mpya kwenye ratiba ya usiku. Programu ikaendelea kuinakili ile iliyozimwa na kila asubuhi ikatuletea kijani, na kwa kweli haikutudanganya, maana kazi iliyoagizwa ilikuwa imefanyika. Mwezi Julai, baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa kwa siku moja, diski za seva ziliharibika. Tulipofungua bakapu tulikuta malipo yanaishia Februari.

Kwa siku tisa makarani wanne walikaa katika chumba cha mikutano na maboksi ya vishina vya stakabadhi, mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akiingiza kwenye kompyuta. Nakala za kaboni zilikuwa zimefifia, hata ikabidi tuzielekeze dirishani ili tujue kama tarakimu ni 3 au 8. Mama mmoja aliyekuwa akilipia matibabu ya mwanawe kidogo kidogo alirudi mara tatu kuthibitisha kwamba alikwisha kulipa, na mara mbili za kwanza hatukuwa na cha kumwonyesha. Kosa lilikuwa la sisi wa chumba cha seva, nami nikiwa mmoja wao. Tangu hapo siwezi kuiona alama ya kijani bila kujiuliza ni ya kitu gani.

Asidhani mtu kwamba haya huwapata wenye vifaa duni tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata kuu akidhani yumo katika seva ya akiba. Alishtuka na kusitisha amri mara moja, lakini kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5 tu. Walipokimbilia bakapu za kila siku walikuta hifadhi ni tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa ya toleo 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikishindwa kila ilipoanzishwa. Baruapepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilitumwa, ila seva ya barua ilizikataa kwa kuwa hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa, na hakuna binadamu aliyezisoma. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyo huyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Kampuni hiyo ilieleza mkasa wote hadharani, hatua kwa hatua, na ningependa kila msimamizi wa mifumo nchini aisome taarifa yao.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui usemi mwingine unaoifaa kazi hii kuliko huo. Mfumo uliopangwa kupiga kelele pale tu bakapu inaposhindwa hauna sauti siku ambayo programu yenyewe imezimwa, leseni imekwisha au taarifa zinakwenda kwenye anwani ya mtumishi aliyehama mwaka jana. Ufuatiliaji unaofaa hugeuza mambo: taarifa ya mafanikio isipofika hadi saa moja asubuhi, kimya hicho kihesabiwe kuwa ni hitilafu na mtu apigiwe simu. Aidha, kila siku orodha ya mashine zilizo hai ilinganishwe na orodha ya mashine zilizonakiliwa, na mashine yoyote iliyopo upande mmoja na kukosekana upande wa pili ihojiwe siku hiyo hiyo. Ulinganisho huo peke yake ungetuokoa sisi mwezi Februari, na unahitaji dakika chache tu za programu ndogo ambayo hata kijana wa mafunzo kazini anaweza kuiandika. Ukubwa wa nakala nao uangaliwe, kwa maana mashine ambayo kila usiku hutoa GB 12 za mabadiliko, kisha ghafla ikatoa MB 40, ina jambo. Ziangaliwe pia zile picha za diski ambazo programu huziunda kwa muda ili iweze kunakili, kwa sababu wakati mwingine hazifutwi; hukua kimyakimya hadi zikajaza hifadhi, na mashine za kazi zikasimama mchana kweupe.

Hata hayo yote yakifanyika, bado kuna kasoro ambayo hakuna taarifa ya asubuhi inayoweza kuifichua. Mwaka 2014 VMware, kampuni ambayo programu zake zinaendesha mashine pepe nyingi duniani, ilieleza hitilafu katika matoleo kadhaa ya ESXi, programu yake inayoendesha mashine pepe ndani ya seva: diski pepe ikiongezwa ukubwa na kuvuka GB 128, orodha ya vipande vilivyobadilika ilikuwa inaweza kutoka na makosa. Programu za bakapu ziliitegemea orodha hiyo, zikanakili vipande visivyo sahihi na kuandika kwamba kazi imekamilika vizuri. Bakapu ya namna hiyo unaijua kwa kuirejesha tu. Mashine iwashwe katika mtandao uliotengwa ili isigongane na ile ya kazi, hifadhidata ifunguliwe, na mtu anayeijua kazi yenyewe aulize swali ambalo jibu lake analo kwenye karatasi.

Ninapofanya kazi sasa tunafanya hivyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tunachagua mashine tatu, tunazirejesha, tunaandika zimechukua dakika ngapi, kisha mhasibu anakuja na stakabadhi kumi za wiki hiyo na kuzitafuta moja moja. Anayesaini daftari ni yeye, siyo fundi. Mara ya kwanza tulikuwa tumeuahidi uongozi kwamba mfumo wa malipo ungerudi katika saa mbili, tukakuta unachukua saa saba na nusu, kwa sababu hifadhi ya bakapu ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa kasi ndogo. Bora tulilijua Jumamosi ya mazoezi.

Suala la mahali pa kuweka nakala sitalirefusha. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliokuwa wameweka mashine na bakapu zake katika kituo hicho hicho wakapoteza vyote. Tarehe 26 Septemba 2025 moto katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza TB 858 za mafaili ya watumishi wa umma ambayo hayakuwa na nakala mahali pengine. Nchi hizo hazina upungufu wa wataalamu wala fedha.

Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jirani zetu wa Kenya wanayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mazungumzo mengi kuhusu sheria hizi yamekuwa juu ya taarifa kuibwa au kuvuja, nayo ni ya haki, lakini mgonjwa ambaye historia yake ya dawa imefutika ameumizwa vilevile, hata kama hakuna mwizi aliyeiona. Katika zabuni nyingi nilizopata kuzisoma kuna kipengele cha kununua programu ya bakapu, na ni nadra sana kuona kipengele kinachotaka uthibitisho kwamba mashine ilirejeshwa na kufanya kazi. Mkaguzi naye akija huonyeshwa leseni na skrini ya kijani, akaweka alama ya vema na kuendelea na ukurasa unaofuata.

Ombi langu kwa wakaguzi wa ndani na wa nje, kwa bodi za hospitali, vyuo na vyama vya ushirika, na kwa wizara zinazovisimamia, ni kwamba taarifa ya kila robo mwaka iwe na mstari mmoja tu wa ziada kwa kila mfumo muhimu: tarehe uliporejeshwa mara ya mwisho kutoka kwenye bakapu, muda uliotumika, na jina la mtumiaji aliyethibitisha kwamba data ni zile zile. Taasisi ambayo haina tarehe ya kuandika hapo iache nafasi wazi, na wajumbe wa bodi waulize kwa nini.

Wako,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta,
Morogoro.