Mume wangu aliandika laki moja na nusu, na anayelipa ni mimi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri, mwaka huu wa 2025, unga wa mahamri umeumuka na sijaugusa. Usingizi sikuupata kabisa. Mwanangu alinipigia usiku kutoka chuoni akaniambia, "Mama, nataka kuahirisha mwaka." Hakulia. Angelia ningejua la kumwambia.

Haya mambo ya bendi, yale makundi matano ambayo serikali huwapanga wanafunzi wa chuo kwa kipato cha wazazi ili ijue nani alipe karo kiasi gani, wewe wayajua, najua umekwisha kuandikiwa na wazazi wengine. Lakini yangu si kama yao. Wao wanalalamika kuwa serikali imewaweka pasipo pao. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu serikali ilisoma kilichoandikwa. Na kilichoandikwa, Shangazi, ni kipato cha laki moja na nusu kwa mwezi. Mume wangu alimwambia mtoto aandike hivyo, mimi nikiwa jikoni namkunia nazi yake.

Usinidhanie mwanamke wa kumtangaza mumewe. Miaka yote hii hata mamangu hajui tunakula nini. Mume wangu alikuwa mtu wa bandari, wakala wa kutoa mizigo, na alipokuwa na pesa alizitoa. Watu wengi hapa mtaani wamesomeshwa na mkono wake. Kisha mizigo ikaanza kupakiwa treni ya SGR ikatolewe Nairobi, mwaka 2018 na 2019, ofisi yake ikabaki na meza na kalenda. Ruto alipoapishwa Septemba 2022 akatangaza kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa, mume wangu alichinja mbuzi. Mizigo ilirudi, sikatai. Wateja wake hawakurudi, walikuwa wamekwisha kupata watu wengine. Sasa hivi mwezi mzuri analeta 20,000, na kuna miezi haleti. Lakini kanzu yake imepigwa pasi, na pale barazani kahawa ya watu wote analipa yeye.

Mwaka jana mtoto alipopata barua ya chuo ilibidi aombe ufadhili na mkopo kwenye tovuti. Wanauliza kila kitu: vitambulisho vya wazazi, kazi ya baba, kazi ya mama, nduguzo wangapi wanasoma, sekondari ulilipiwa karo kiasi gani. Na wanauliza kipato. Mtoto akamwuliza babake. Nilisikia kwa masikio yangu akisema, "Andika laki na nusu. Mimi si maskini, na jina langu halitakaa kwenye orodha ya maskini." Mtoto akaandika. Angefanya nini? Ni babake. Na mimi ningefanya nini, nitoke na mwiko nimkosoe mbele ya mwanawe? Wewe ungefanya?

Ikatoka bendi ya tano. Bendi ya tano ni ya wanaopata zaidi ya 120,000 kwa mwezi. Katika kila shilingi 100 za karo, serikali inatoa ufadhili wa 30, mkopo 30, na 40 zinatoka kwa mzazi. Karo ya mwanangu inakaribia 240,000 kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe. Ni 96,000 kutoka nyumba hii, nyumba ambayo stima tunanunua ya shilingi hamsini hamsini. Hata pesa za matumizi za mkopo anapata kidogo kuliko wenziwe, 40,000 kwa mwaka, kwa kuwa inadhaniwa babake atamwongezea.

Sasa sikiliza linaloniunguza. Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, ana nyumba za kupangisha, sitasema wapi. Ana gari. Mwanawe aliingia chuo mwaka ule ule. Yeye aliandika mkulima wa minazi. Minazi anayo kweli, ni ile ya marehemu babao, na sijamwona akipanda hata mmoja. Mwanawe yuko bendi ya pili, ile inayoishia 23,670 kwa mwezi. Mzazi wa bendi ya pili anatoa shilingi 10 katika kila 100. Mkewe alinionyesha kwenye simu, huku anacheka, akasema, "Nyinyi matajiri mtatusaidia." Pale pale kwangu, anakula mbaazi zangu.

Kwa karo kama ya mwanangu, mwenye nyumba za kupangisha anatoa 24,000 na mimi muuza mahamri natoa 96,000. Zamani haikuwa hivi. Kabla ya mpango huu wa mwaka 2023, aliyeitwa chuo na serikali karo yake ya masomo ilikuwa 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa hamali. Mtoto mkubwa wa shemeji alisoma hivyo. Watu walisema si haki tajiri alipe sawa na maskini, na nadhani nami nilisema hivyo. Nilidhani tajiri ni shemeji.

Muhula wa kwanza nililipa mimi. Niliuza bangili zangu za mahari. Mume wangu anajua karo ililipwa, hajauliza imelipwa na nini. Nadhani anaamini rafiki yake fulani alimrudishia deni chuoni moja kwa moja, maana ndivyo nilivyomwambia. Sikusema kwa ubaya, nilimsitiri. Muhula wa pili nilipata basari ya wadi, 5,000, na zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana. Bado kuna deni, na mwenye deni hapati kadi ya mtihani.

Desemba 2024 Mahakama Kuu iliposema mpango wote uko kinyume cha Katiba nilisali rakaa mbili za shukrani. Nikajua yamekwisha, tumerudi kwenye 16,000. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, bendi zikaendelea. Mume wangu alisikia kwenye redio akasema, "Wenye uwezo walipe." Shangazi, alisema hivyo akinitazama, na mimi nilikuwa nahesabu sarafu za mauzo.

Najua utaniambia mtoto akate rufaa ya bendi. Tumefika huko. Kuna mahali pa kuomba upangwe upya, lakini wanataka ushahidi. Kipato cha mume wangu kipo kwa mume wangu. Karatasi za benki ni zake, simu ni yake, PIN ya KRA, ya watu wa ushuru, ni yake. Nikitaka kusema ukweli nahitaji sahihi yake, na ukweli ukikubaliwa nadhani tutaangukia bendi ya tatu, ile ya hadi 70,000, kwa kuwa watahesabu na mahamri yangu. Hapo mzazi anatoa 20 katika 100. Ni 48,000. Hizo nitazibeba, kwa chama na kwa futari za Ramadhani nitazibeba. Sikuomba bure. Sijaomba bure hata siku moja.

Nilijaribu kumwambia. Usiniandikie niongee naye, nimeongea. Nilimkuta ametoka msikitini, roho yake nyeupe, nikamwambia mtoto anahangaika, turekebishe ile namba. Akaniuliza, "Nani amekuambia mimi sina?" Kisha akatoa noti ya elfu mfukoni akaiweka juu ya meza, akatoka. Noti hiyo ilikuwa ya gesi.

Kuna mama mmoja kwenye chama chetu, mwanawe yuko mwaka wa pili, ndiye aliyenipa njia nyingine. Anasema niende kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu, niandikiwe barua kwamba mume ameniacha na nawalea watoto peke yangu. Kisha hati ya kiapo kwa wakili, bei yake si kubwa. Mtoto anaambatisha, kinahesabiwa kipato changu tu, na bendi inashuka hata ya pili. Yeye alifanya hivyo, na mumewe anakula na kulala pale pale. Anasema ni karatasi tu.

Mwanangu anajua habari hii. Hakuniambia nifanye wala nisifanye. Alisema tu, "Wengi darasani wamefanya." Na jana ndiyo akaniambia anataka kuahirisha. Sasa sijui kama ananishurutisha au ameshakata tamaa kweli. Ni mtoto mpole, lakini ni damu ya babake.

Mimi sitaki kuachika. Nataka hilo lieleweke, maana nimeona barua nyingine unawajibu wanawake waondoke. Mume wangu hanipigi, hana mwanamke nje, anaswali. Ila nikienda kuapa kwamba sina mume, na mume yuko barazani watu wote wanamwona, hicho nimeapa ni nini? Nilitaka kumwuliza shehe wetu nikaona haya, ni rafiki yake. Na chifu naye anamjua. Labda ataandika kwa kunihurumia, na hapo itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu huruma hiyo itafika barazani kabla yangu.

Tena kuna usiku nawaza niandike hiyo barua si kwa ajili ya karo. Niiandike ili aione. Aone kwamba kwa laki yake na nusu amejifuta nyumbani kwake. Halafu nasema astaghafirullah, huyu ndiye aliyenioa nikiwa sina kitu, na babangu alipolazwa alilipa yeye hospitali yote. Hilo silisahau. Lakini kulipa zamani hakulipi sasa, au vipi? Mtoto alimsikia baba akisema yeye si maskini. Sasa mtoto huyo anashindia chai chuoni, amenificha, nimeambiwa na mwenzake. Laki moja na nusu, Shangazi. Angesema hata sitini.

Dadangu anasema nimwache mtoto aahirishe, arudi, babake amwone amekaa nyumbani, atashtuka. Mimi namjua. Atasema barazani kuwa chuo kimefungwa kwa mgomo. Na kuna huyu wa pili, yuko kidato cha tatu, naye ataijaza fomu hiyo hiyo. Babake ameshaanza kumwambia asome udaktari.

Basi swali langu ni hili, ingawa nimeandika mengi. Sikuulizi kuhusu karo, karo nitaitafuta. Nataka kujua kama mwanamke anaweza kwenda kwa chifu akasema hana mume, kisha akarudi akampakulia chakula, na nyumba ikabaki nyumba. Au nimfuate shemeji, nimwambie nitamsema kuhusu minazi yake asipomwita mdogo wake akamweleza? Hilo nalo nimelifikiria. Sijui hata kwa nini nimeliandika, sitalifanya. Huenda nikalifanya.

Au kuna njia ya kumfanya mwanamume aseme sina, kwa mdomo wake, bila kumvunja? Kama ipo niambie hiyo kwanza. Haya mengine yote nitayaacha.

Wakili aliyetajwa anapatikana Alhamisi. Mwanangu nimemwambia asijaze fomu ya kuahirisha mpaka wiki ijayo, nimemdanganya kuwa kuna pesa inakuja. Tafadhali ukiichapisha barua hii ondoa hapo nilipotaja mbuzi, mtaani kwetu aliyechinja siku ile ni yeye peke yake. Na usiandike mahamri, weka kitu kingine.

Mama wa watoto wawili,
Mombasa