Wakala mnayemsifu hakulitaka gari langu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi zile lilipokuwa likifika Mwanza kwa basi na kusomwa siku ya pili yake, na kwa muda wote huo sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya majuzi kuhusu matengenezo makubwa ya magari, ile iliyopambwa kwa picha ya miguu ya fundi ikichungulia chini ya lori, ndiyo iliyonitoa kwenye ukimya. Mwandishi wenu anatuasa tuachane na gereji za mtaani, tupeleke magari kwa mawakala wa kampuni, na anasema hivyo kwa wepesi wa mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha daladala.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Buswelu. Gari langu ni la Kijapani, la abiria saba, na lilikwisha kutumika huko kwao miaka tisa kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, kama yalivyo magari ya majirani zangu karibu wote. Siku moja nikitoka Geita, nilipokwisha kulivuka daraja jipya la Kigongo–Busisi na kabla sijafika Usagara, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu, ekzosi ikatoa moshi mweupe, na maji ya rejeta yakawa yanatokota mapovu kama uji. Nikafanya kile ambacho mwandishi wenu angenishauri: nikakodi gari la kuvuta, likanifikisha moja kwa moja kwa wakala.

Binti wa mapokezi alinisalimu kwa heshima, akaandika namba ya chesesi, akarudi baada ya robo saa. "Mzee wangu," akasema, "hili halikuuzwa na sisi, na injini yake haimo kwenye orodha yetu ya spea." Hata hivyo nilitakiwa kulipa shilingi 150,000 za kulipima kwa kompyuta, nikalipa. Baada ya siku mbili nikapewa karatasi safi yenye nembo na mstari mmoja tu: kubadilisha injini, shilingi 7,800,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haijajumuishwa. Nikauliza kama hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilifunguliwa. Haikufunguliwa. Nikauliza ni kitu gani hasa kilichoharibika, nikajibiwa kwamba injini imechemka, jambo ambalo nililijua tangu nikiwa barabarani nimeshika galoni la maji, na ambalo hata kondakta wa daladala iliyosimama kunisaidia alilitamka bila kompyuta. Nikaomba kuzungumza na fundi mwenyewe, nikaelezwa kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia karakana. Nimesahihisha mitihani kwa miaka 31, Mhariri, na mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia sikumpa alama hata jibu lilipokuwa sahihi. Hawa walitaka niwape karibu milioni nane.

Asidhani mtu kwamba nautetea mtaa. Aliyeliandalia gari langu balaa hilo ni fundi wa mtaani, ambaye mwezi mmoja kabla aliitoa themostati, ile vali inayodhibiti joto la injini, na kuitupa, akidai kwamba "nchi za joto haihitajiki", kisha akaimwaga kulanti yote, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, akajaza maji ya bomba na kuuacha mfuniko wa rejeta uliochoka mpira. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji matupu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, wala si 100. Mfuniko mzima hubana mgandamizo na kukipandisha kiwango hicho kupita 110. Ukilegea, injini inayofanya kazi kwenye nyuzijoto 90 inabaki imepakana na kuchemka kila inapopanda mlima wa Bugando nyuma ya lori. Hayo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa kidato cha pili, na mimi mwenyewe nikamlipa mtu anifanyie kinyume chake.

Hatimaye nililipeleka kwenye gereji binafsi huko Nyakato. Fundi aliifungua hedi nikiwepo, akaniita: "Mwalimu, sogea uone." Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, alama nyeusi yenye upana wa njiti ya kiberiti. Akalaza rula ya chuma juu ya hedi, akawasha taa ya simu upande wa pili, nikauona mwanga ukipenya katikati: hedi imepinda. Ikapelekwa kusawazishwa, zikawekwa boliti mpya zilizokazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu. Jumla ilikuwa shilingi 960,000, kila kitu kikiwa kimeandikwa kwa mkono kwenye daftari la mistari. Gari linatembea. Mwenye gari jipya lililo ndani ya dhamana ya kampuni aende kwa wakala, hilo sina ubishi nalo. Makala yenu ilituhesabu sote kuwa yeye.

Na kwa kuwa nimekwisha kukasirika, niwaseme pia wauza spea. Gasketi mpya niliuziwa kwenye boksi lenye maandishi ya Kijapani, muuzaji akaapa kuwa ni "og", yaani halisi, kisha akanipa bei mbili, moja ya risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na nyingine ya bila risiti. Fundi aliipinda kidogo tu ikachanika, ikabidi ninunue nyingine.

Napendekeza kila anayefungua injini, awe wakala au fundi wa chini ya mwembe, alazimike kumrudishia mteja spea zake mbovu ndani ya mfuko wa sukari wa kilo 25, uliofungwa kwa waya na kuandikwa namba ya gari, na asiyeurudisha asilipwe. Spea yangu mbovu nimeitundika kwenye msumari stoo. Mwandishi wenu akitaka kuiona anakaribishwa Jumamosi yoyote, mradi aje kwa gari lake mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu,
Buswelu, Mwanza.